Kijiko Gani, Mwalimu?

Mwalimu Elina Mbonile aliwadharau watu wengi, na kila mmoja wao alikuwa amempa sababu. Aliwadharau wanaosema "kama saa mbili hivi". Aliwadharau mafundi wanaopima mbao kwa macho, wapishi wanaotia chumvi kwa kukadiria, na madaktari wanaoandika dawa huku wakiongea na simu. Alifundisha Kemia miaka thelathini na moja katika sekondari moja ya Mbozi, na mwanafunzi aliyeandika "ishirini na tano" bila kusema ni ishirini na tano za nini hakupata maksi hata nusu. Alitolewa nje, akasimama dirishani kusikiliza wenzake wakifundishwa.

Alipostaafu mwaka 2007 alihamia Tunduma, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyo mbali kidogo na foleni ya malori ya mpakani. Mumewe alikuwa ameshafariki. Alikaa na Ferista, mtoto wa mdogo wake, msichana aliyekuwa akishona nguo barazani, na ambaye kwa maneno ya Mwalimu mwenyewe ndiye mtu pekee katika ukoo mzima aliyejua kunyamaza.

Saratani ya titi ilimpata mwaka 2009. Walimkata titi, wakamwambia amepona, naye hakuwaamini kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia wamelijuaje hilo. Baada ya mwaka na nusu ugonjwa ulikuwa umehamia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Hapo bintiye wa pekee, Erica, muuguzi aliyeolewa Johannesburg, akaja akamchukua.

Huko walimpa mofini ya maji, nayo ikapunguza maumivu ya mgongo. Lakini mguu wa kushoto uliendelea kumwaka moto kuanzia pajani hadi unyayoni, na chakula kilikuwa hakipiti. Ndipo daktari wake, mama mmoja mpole, akamweleza kwamba pale hospitalini kuna utafiti wa dawa ya kupuliza mdomoni kwa wagonjwa ambao mofini peke yake haiwatoshi. Dawa hiyo imetengenezwa kutokana na bangi.

Mwalimu Elina aliona ametukanwa. Alikuwa amewafukuzisha shule wavulana sita kwa ajili ya bangi. Daktari hakucheka wala hakumbembeleza, alimpa karatasi kumi na moja akasome. Baada ya siku mbili Mwalimu alirudi na maswali kumi na manne. Daktari alijibu kumi na moja, na kwa yale matatu akasema, "Hatujui bado." Mwalimu akaomba kalamu akasaini. Alikuwa hajawahi kumsikia daktari akisema hajui.

Dawa ile ilimfurahisha kwa sababu ilikuwa na adabu. Kila mpulizo ulikuwa na kiasi kilichopimwa kiwandani, na kiasi hicho kiliandikwa kwenye kichupa kwa miligramu. Alianza na mpulizo mmoja jioni, akaongeza mmoja baada ya siku kadhaa, akisubiri robo saa kati ya mmoja na mwingine, na akibadilisha mahali pa kupuliza ili ngozi ya mdomo isichubuke. Aliambiwa asiendeshe gari, asichanganye na pombe, ainuke kitandani taratibu kwa kuwa kizunguzungu kinaweza kumwangusha, asimpe mtu mwingine yeyote, na akiona mambo ambayo hayapo apige simu. Yote aliyaandika kwenye daftari: saa, idadi, maumivu kwa namba kutoka sifuri hadi kumi. Alipofika mipulizo mitano kwa siku namba ilishuka kutoka nane hadi tatu. Alikula ugali na mboga, akaongezeka kilo mbili na robo. Utafiti ulipokwisha aliruhusiwa kuendelea kuandikiwa dawa hiyo chini ya uangalizi wa daktari wake.

Angebaki huko. Lakini muda wake wa kuishi nchini humo uliisha, na yeye mwenyewe alitaka kufia mahali ambapo watu wanalijua jina la baba yake. Daktari alimwandikia barua ya kurasa nne, akamweleza wazi kwamba asithubutu kuvuka mipaka na ile dawa. Erica alitaka kuificha kwenye kopo la losheni. Mama yake akamwuliza kama alisomeshwa ili awe mlanguzi. Dawa iliyobaki ikarudishwa hospitali, naye akapanda ndege hadi Lusaka, kisha basi hadi Nakonde, akavuka kwa miguu kuingia Tunduma, Machi 2013, akiwa na mofini ya wiki sita iliyokuwa na vibali vyake vyote, na ile barua.

Wiki ya pili alikwenda Mbeya kwenye ofisi aliyoelekezwa. Karani alikuwa kijana mwenye tai pana. Aliitazama barua juu juu, akacheka kwa pua, akamwita mwenzake wa chumba cha pili.

"Njoo uone. Bibi huyu anaomba kibali cha bangi."

"Umeisoma hiyo barua?" Mwalimu akauliza.

"Nimeiona."

"Sikukuuliza kama umeiona."

Karani akasema aiache hapo, wataangalia utaratibu. Mwalimu akataka nakala yake ipigwe mhuri wa kupokelewa. Karani akaupiga kichwa chini miguu juu. Mwalimu akamrudishia karatasi na kusimama pale pale, akiwa ameshika ukingo wa meza kwa sababu mguu ulikuwa unawaka, hadi mhuri wa pili ulipopigwa sawasawa na tarehe ikasomeka. Watu waliokuwa kwenye benchi walikuwa wanacheka. Aliwatazama mmoja mmoja kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea darasani, na baadhi yao wakaacha.

Habari ilifika Tunduma kabla ya yeye kuzoea tena kitanda chake. Mwishoni mwa wiki akaja shemeji yake, Isaka, mdogo wa marehemu mumewe, mwuza mbolea na mzee wa kanisa. Alikuja na watu wanne kumwombea. Katika sala yake Isaka alimweleza Mungu habari yote ya bangi, hatua kwa hatua, kwa sauti ambayo nyumba ya tatu hawakupata shida kuisikia. Walipomaliza, Mwalimu Elina aliwashukuru, akamwambia Ferista awape chai isiyo na sukari.

Siku kumi baadaye Isaka akarudi, safari hii peke yake na kwa mlango wa jikoni. Alitoa chupa mfukoni mwa koti. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi iliyobanduliwa karatasi, na ndani yake mafuta mazito ya kijani yanayoelekea weusi.

Alieleza kwa kunong'ona kwamba amesikitishwa sana na hali ya shemeji yake. Kuna bwana mmoja upande wa Nakonde, hao wenzetu wanamwita mtu wa umuti, yaani wa dawa, anayatengeneza mwenyewe. Yanatibu saratani, sukari, presha na nguvu za kiume. Yeye Isaka ameyapata kwa heshima tu, na asingependa lijulikane.

"Yana miligramu ngapi kwa kijiko?" Mwalimu akauliza.

Isaka hakuelewa swali.

"Ameyapika na nini? Kwa moto kiasi gani? Majani au maua? Mgonjwa aanzie wapi?"

"Shemeji, hii ni ya asili. Haina madhara."

"Kinyesi nacho ni cha asili. Kunywa."

Aliifungua, akainusa. Ilinuka parachichi lililooza, na chini yake kulikuwa na harufu kali kama ya mafuta ya taa. Alimwambia shemeji yake kwamba juzi alimsema kwa Mungu kwa kuomba dawa yenye kipimo, na leo anamletea isiyo na kipimo kwa mlango wa jikoni, na kwamba katika watu wote aliowahi kuwafahamu yeye ndiye aliyefanikiwa kuwa mnafiki na mjinga kwa wakati mmoja. Isaka akaondoka bila kuaga. Mwalimu akaiweka chupa juu ya kabati. Alimwambia Ferista anaitunza kama sampuli ya upumbavu.

Kisha mofini ikaisha. Ferista alikwenda hospitali akaambiwa hakuna, na haijaonekana kwa miezi mitatu. Walimpa panadoli. Alirudi mara nne, na mara nne akapewa panadoli. Ofisi ya Mbeya haikujibu. Mwalimu Elina alijaribu kufundisha tuisheni ya watoto wawili wa jirani akiwa amelala kitandani, lakini siku moja alisimama katikati ya sentensi na kuuma shuka, na watoto wakaenda kwao. Daftarini aliandika tisa, tisa, kumi. Aliandika tena kumi. Baadaye akaacha kuandika, kwa sababu kipimo kilikuwa kimekwisha na maumivu bado yanaendelea.

Mchana mmoja wa Septemba, Ferista alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Mwalimu Elina alijiburuta kwa mikono na goti moja hadi kwenye kabati, akavuta kiti, akaishusha ile chupa. Alikunywa kijiko kimoja. Yule yule aliyewahi kumtoa mtu darasani kwa kusahau kuandika "sentimita" alikunywa kijiko cha kitu asichokijua, akaketi sakafuni kusubiri. Nusu saa ikapita. Hakuna kitu. Ile ya kupuliza ilikuwa ikianza kumfanyia kazi mapema zaidi, kwa hiyo akasema moyoni kwamba hata uongo wa Isaka ni wa uongo, hii ni parachichi tupu. Akanywa kijiko cha pili.

Ferista alimkuta saa kumi na nusu chini ya meza. Alikuwa amekumbatia mguu wa meza kwa mikono yote miwili kwa sababu aliamini sakafu imeinama na atateleza hadi Zambia. Alikuwa ametapika. Moyo ulimwenda mbio kiasi kwamba Ferista aliuona ukigonga chini ya gauni. Alilia kwa sauti ya mtoto, akamsihi mtu ambaye hayupo asimfunge. Ferista akaita jirani mwenye gari. Na kwa kuwa alikuwa amekaa miaka mingi na mwanamke huyu, alichukua pia ile chupa.

Wauguzi wa zamu walicheka kidogo. Mmoja alisema kwa mwenzake, wala hakujisumbua kushusha sauti, kwamba bibi kavuta. Walimtundikia maji, wakampima presha, wakamlaza karibu na mlango. Asubuhi akili ilimrudia, na ilirudi na kumbukumbu ya kila kitu. Dharau yote aliyokuwa nayo kwa dunia ilikuwa bado ipo, ila sasa ilimgeukia yeye mwenyewe, naye hakujua aiweke wapi. Aligeukia ukutani.

Baada ya saa tatu akaja mfamasia wa hospitali, aliyehamia hapo wiki tatu tu zilizopita. Alikuwa mwanamume wa makamo mwembamba, aliyeshika ile chupa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu Elina alimtambua kwa umbo la masikio yake. Mwaka 1994 alisimama mbele ya darasa akasoma karatasi ya mtihani ya mvulana huyu kuanzia mwanzo hadi mwisho ili wenzake wacheke, akampa sifuri, na kuanzia siku hiyo akamwita Sifuri. Shule nzima ikamwita hivyo hadi alipoondoka.

"Wewe ni Sifuri," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Ferdinand." Akavuta kiti. "Umekunywa kiasi gani?"

"Vijiko viwili."

"Kijiko gani, Mwalimu?"

Ferdinand alisubiri, kalamu mkononi. Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Alikuwa anauliza kwa sababu alihitaji kuandika.

"Cha chai," Mwalimu akasema hatimaye. "Cha kwanza saa nane na dakika kumi. Cha pili saa nane na dakika arobaini."

Ferdinand akaandika. Akasema dawa ya kumeza hupitia tumboni na kwenye ini, kwa hiyo huchelewa saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi, tofauti na ile ya kupuliza mdomoni, na ndiyo maana watu huongeza kabla ya ile ya kwanza kufika.

"Najua," Mwalimu akasema.

"Najua unajua."

Kuhusu chupa alisema pale hospitalini hana kifaa cha kupima kilichomo. Huenda kuna bangi nyingi, huenda kuna na kingine. Hatajifanya kwamba anaweza kujua kwa kunusa. Mwalimu Elina akageuka kutoka ukutani, akamwambia Ferista atoe ile barua ya Johannesburg.

Ferdinand aliisoma kurasa zote nne pale pale, akirudia ya tatu. Kisha akamwambia ukweli, na ulikuwa mfupi. Sheria iliyopo haina mlango wa dawa hiyo, na hajui ofisi yoyote inayoweza kuufungua kwa barua ya mgonjwa mmoja. Akiambiwa asubiri, asisubiri. Lakini mofini ni halali, kwa cheti cha daktari aliyeidhinishwa. Haipo kwa sababu hakuna aliyeiagiza, na haikuagizwa kwa sababu dawa ya namna hiyo ina fomu ndefu, daftari lake na kabati lenye kufuli, na waliomtangulia waliona ni rahisi zaidi kusema imekwisha. Alilisema neno "walionitangulia" kwa namna ambayo Mwalimu Elina aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Hospitali moja ya kanisa huko Mbozi ilikuwa na kitengo cha tiba shufaa, cha kuwatunza wagonjwa wasiopona. Ferdinand alipiga simu, akamleta daktari wao amwone, akajaza fomu. Ilichukua siku nane. Siku ya tisa alifika nyumbani kwa Mwalimu na chupa yenye lebo, bomba la plastiki la kupimia, dawa ya kulainisha choo kwa kuwa mofini hufunga tumbo, na vidonge vidogo vya kupunguza moto wa mguu. Alimweleza Ferista yote, kisha akamtaka ayarudie. Ferista akayarudia bila kukosea: kila baada ya saa nne, kwa bomba na si kwa kijiko, aandike, mgonjwa akilala asiamshike, asimpe nyingine na apige simu.

Mwalimu aliisoma lebo kwa muda.

"Mwandiko wako mbaya," akasema. "Hii saba inafanana na moja. Utaua mtu."

Ferdinand akaandika lebo nyingine.

Jambo la karatasi ile ya 1994 halikutajwa siku hiyo wala siku nyingine. Mwalimu hakuomba msamaha, na Ferdinand hakuonyesha kwamba anausubiri. Alikuja kila wiki mbili, wakabishana kuhusu joto la chumba na chupa iliyofunguliwa ikae siku ngapi. Dawa ilifungiwa kwenye sanduku la bati, na ufunguo Ferista aliuvaa shingoni.

Oktoba Isaka akaja tena. Hakuuliza habari za ile chupa ya kijani. Alizunguka sana, akataja hali ya hewa na bei ya mbolea, hatimaye akasema amesikia hapa kuna dawa kali ya maumivu, na goti lake linamsumbua kweli kweli. Kama angepata kidogo tu.

"Lete hiyo chupa, Ferista," Mwalimu akasema. Ferista akaileta. "Shemeji, soma hapo jina."

"Elina Mbonile."

"Wewe unaitwa nani?"

Isaka akaondoka na goti lake.

Maumivu hayakwisha. Mguu haukutulia kama ulivyokuwa unatulia kwa ile ya kupuliza, na Mwalimu Elina hakuacha kulisema hilo kwa kila aliyemtembelea, hata waliokuja kuomba moto. Lakini yalipungua hadi akaweza kuyadharau, na hilo lilimtosha kufundisha. Wale watoto wawili walirudi. Mmoja alifaulu.

Alifariki Julai 2014, asubuhi, akiwa macho, baada ya kumwambia Ferista kwamba uji una madonge.

Alizikwa Ruanda ya huko Mbozi, kwenye shamba la baba yake. Isaka alizungumza kwa niaba ya familia, dakika ishirini na tano. Alisema shemeji yake aliletewa madawa ya kila namna na akayakataa yote, akasimama kwenye maombi peke yake, na ndiyo maana hakuteseka. Watu waliitikia amina. Ferista, ambaye hakuwa kwenye ratiba, alisimama kati ya wanawake.

"Alikunywa mofini," akasema. "Miligramu kumi kila baada ya saa nne. Aliandikiwa na daktari, na nilimpimia mimi."

Akaketi. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi aliangalia karatasi yake, akatangaza wimbo.

Jumatatu Ferista alipeleka hospitali dawa iliyobaki, kama alivyoelekezwa. Ferdinand aliipima, akaandika kiasi, akamwita muuguzi ashuhudie inavyoharibiwa, wote watatu wakasaini. Kisha akauliza kama Mwalimu alimwachia neno lolote. Ferista alifikiri. Angeweza kubuni neno zuri, lakini hakuwa amelelewa hivyo.

"Hapana," akasema. "Hakusema kitu."

Ferdinand akaitikia kwa kichwa, akalifungia daftari kabatini, akamwita mgonjwa aliyefuata kwenye foleni.